Vitu vya kupangia vitu vimemaliza nyumba

Hivi jamani hizi video za kupanga fleti ndogo huwa wanarekodia kwa nani? Maana nimezitazama nyingi tu na sijawahi kuona ufagio. Unaonyeshwa kitanda chenye droo chini, kikombe kimoja, kimmea dirishani, mwenye nyumba anatabasamu, basi. Ndoo iko wapi? Pasi iko wapi? Na lile fuko la nyaya za chaja, chaja za simu zilizokufa zamani lakini hakuna mwenye ubavu wa kuzitupa, lao wamelificha wapi? Mtu asiye na ufagio hana cha kunifundisha mimi.

Shida mama watoto anawaamini. Kwetu sasa hivi nafasi ikiisha dawa yake ni kununua kitu. Vimenunuliwa vikapu vya kuwekea vidude vidogo, halafu maboksi ya plastiki ya kuwekea vikapu, halafu shelfu la kuwekea maboksi, na shelfu lilipofika ikabidi kochi lisogee, kochi liliposogea mlango ukawa unafunguka nusu, kwa hiyo mi mwenye nyumba naingia kwangu kiubavuubavu na mgeni mwenye begi mgongoni analivua nje pamoja na viatu. Ukiuliza unaambiwa tunaokoa nafasi. Tunaiokoa kutoka kwa nani?

Halafu ikaja hii mifuko ya kunyonya hewa. Unajaza mablanketi na majaketi, unaweka vakyumu klina, mfuko unasinyaa mpaka unakuwa bapa kama chapati, watoto wanapiga makofi, unausokomeza chini ya kitanda. Wanachonyamazia ni kwamba hewa inarudi. Inarudi kidogokidogo, kwenye kifuniko, kwenye katundu usikokaona, we unalala zako hujui kitu, kumbe huko chini mfuko unafura na ubao wa kitanda unanyanyuka, na wala haunyanyuki upande wa mama watoto. Na lile jaketi la manyoya ya bata ndio usiseme, likikandamizwa muda mrefu unene wake haurudi vizuri, unalivaa na baridi inakupiga vilevile. Na vakyumu klina yenyewe inakaa wapi? Haina pa kukaa. Inakaa bafuni, mtu akitaka kuoga inahamia kitandani, mtu akitaka kulala inarudi bafuni. Inatembea humu ndani kuliko mimi.

Kuna bwana mmoja wa San Francisco, William Murphy, mwanzoni mwa karne ya 20 alitengeneza kitanda cha kupandisha ukutani mchana na kushusha usiku. Akili kubwa, simpingi. Ila kitanda cha kushuka kinataka sakafu tupu, na mi sakafu tupu naisikia tu. Sisi tuna ndugu yake wa karibu, kochi linalogeuka kitanda, sasa ili ligeuke lazima meza iondoke, ili meza iondoke vilivyo juu yake viende kwenye kiti, kiti kinaenda koridoni, na koridoni ndiko kuliko na mlango wa choo. Mtu akishikwa usiku wa manane nyumba nzima inaamka kumpisha. Sasa hilo nalo ni kochi au ni mtihani?

Jikoni ndio sitaki hata kuongea. Mwaka 1926 mbunifu mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo la nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt, karibu mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu mpishi anakifikia kwa hatua chache, mpaka leo linatajwa kama mfano wa kubana nafasi. Nikachukua futi nikapima la kwetu, nikaona huyo mama kwangu angeitwa mpenda anasa. Halafu humohumo kuna friji, na maelekezo ya friji yanasema liachiwe nafasi nyuma lipumue. Lipumue! Mi nakula nimekunja viwiko, friji lina haki ya hewa safi.

Mama watoto akahamia kwa yule dada wa Japani, Marie Kondo, unashika kitu unajiuliza kama kinakupa furaha, kama hakikupi unakiaga kinaondoka. Haya, nikashika kizibuo cha sinki. Furaha hakuna. Nikashika bili ya umeme, furaha hakuna kabisa, nikaambiwa hiyo usitupe. Vya kwangu vyote havina furaha, mabegi yake matupu yaliyoingizwa moja ndani ya lingine juu ya kabati ati yana furaha. Na mwenyewe Kondo mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, alishasema mambo ya kupanga nyumba ameyaachia achia siku hizi. Nimelisoma hilo kwa sauti mara kadhaa humu ndani, hakuna anayenisikia.

Juzi namkuta kapanda stuli, futi mkononi, anapima ukuta juu ya mlango wa choo, eti pale panatosha shelfu jingine.

"La kuweka nini, mama watoto?"

"Yale maboksi matupu, baba watoto, hayana pa kukaa."