Siku ya Kwanza Melini, Nanga Ibaki Chini

Nasema wazi nionavyo: kikundi cha shule kikipanda meli ya matanga kwa mara ya kwanza, meli hiyo isiondoke siku hiyohiyo. Najua wanafunzi wameingoja safari kwa miezi, na wazazi wamesimama gatini wakitaka kupiga picha matanga yakiwa yamejaa upepo. Hata hivyo, nanga ibaki chini.

La kwanza ni uhai. Februari 17, 2010, meli Concordia, iliyokuwa shule ya baharini ya Kanada, ilipinduka na kuzama mbali na pwani ya Brazili. Watu wote 64 waliokuwamo, wengi wao wanafunzi, waliokoka baada ya kukaa zaidi ya siku moja kwenye boti za mpira za kuokolea. Siamini hata kidogo kwamba ilikuwa bahati tupu. Mtoto hawezi kujifunza kuvaa jaketi la kuokolea wakati sitaha imeshageuka ukuta. Hujifunza meli ikiwa imetulia, anavaa, anavua, anavaa tena, mpaka mikono iwe imezoea vifungo.

Halafu kuna kamba. Meli kubwa yenye milingoti mitatu na foromali, yaani boriti za mlalo zinazobeba matanga, huwa na kamba za kuendeshea matanga zaidi ya 100, na kila moja ina kigingi chake cha kufungiwa. Mgeni akizitazama huona msitu. Ukimpa mchana mzima wa kuzifuata kwa jicho na kwa mkono, kutoka kwenye kigingi hadi juu kabisa, huanza kuona mpango: zinazotweka tanga, zinazolikunja, zinazogeuza foromali, na mlingoti wa pili umepangwa karibu sawa na wa kwanza. Mimi ningewafanyisha zoezi hilo macho yakiwa yamefumbwa, kwa sababu zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri haina taa ya kusomea vibao vya majina ya kamba.

Hapohapo ndipo pa kuwafundisha yale madogo yanayookoa vidole. Kamba yenye mzigo haizungushwi kiganjani. Usisimame ndani ya duara la kamba iliyolala sitahani, maana tanga likishuka kamba hiyo hukimbia na kilichomo ndani. Ukilegeza, acha mzunguko mmoja wa mwisho wa kamba kwenye kigingi ili ikuzuilie uzito. Ukiyasema haya huku meli inayumba na nusu ya darasa inatapika, hakuna atakayekusikia.

Kuhusu kutapika sina mengi: wakae sitahani, karibu na katikati ya meli, watazame upeo wa macho.

Walimu ndio wananitia wasiwasi zaidi. Mara nyingi mwalimu hupanda na orodha ya majina mkononi akidhani bado yuko darasani, na sarahangi, yaani msimamizi wa mabaharia sitahani, anapotoa amri, yeye hutoa nyingine juu yake. Wanafunzi hubaki wakitazama nyuso mbili. Ningependa mwalimu apangwe kwenye zamu kama wengine, saa nne kazini na nane za kupumzika, avute kamba nyuma ya mwanafunzi wake na aulize asichokijua mbele yao. Mtoto aliyezoea kushindwa hesabu, siku hiyo anaweza kumwonyesha mwalimu wake jinsi ya kufunga fundo. Sioni kwa nini tumnyime nafasi hiyo kwa haraka ya kuondoka.

Kwa wazazi wanaotaka picha, kuna njia. Upepo ukiwa mwepesi na nahodha akiridhika, wanafunzi watweke tanga moja meli ikiwa bado imetia nanga. Walivute wenyewe, polepole, lipande likikwama na kupinda, kisha walishushe na walikunje. Likikunjwa vibaya, sarahangi atalifungua na wataanza upya.