Bwawa la Shimo la Kumi na Mbili

Watu hudhani kiwanja cha gofu kikifungwa, sisi watunza nyasi tunaenda kulala. Thubutu! Hapo ndipo mgongo hujua kazi. Klabu yetu iko nyanda za juu hapa Kenya, na kila Machi, masika ikikaribia, mashimo tisa ya nyuma hufungwa ili turekebishe kilichokanyagwa mwaka mzima.

Grini, yaani zile nyasi fupi zenye shimo la kuingizia mpira, hutobolewa. Mashine hupita na mirija yake ya chuma iking'oa vipande vya udongo ulioshikamana, ili mizizi ipate hewa na maji, kisha tunamwaga mchanga na kuufagia mpaka uzame matunduni. Hakosekani mwanachama asiyesoma matangazo. Safari hii mmoja alijipenyeza na mpira wake, akasimama juu ya grini yenye matundu yasiyohesabika, akauliza lipi ndilo la kuingizia.

"Lolote, mzee," nyapara akamjibu. "Leo umeshinda."

Halafu kuna nyasi za kikuyu. Kule klabu ya gofu ya Riviera, Los Angeles, Wamarekani wanacheza juu ya nyasi hizo hizo na kujivunia. Zimetoka huku kwetu, na huku kwetu tunazing'oa kwenye grini kwa magoti na kisu, mpaka najiuliza kama nauli yao bado ipo niwaongezee mzigo.

Lakini kisa chenyewe ni cha bwawa. Bwawa la shimo la kumi na mbili lina kazi mbili: kumwagilia kiwanja wakati wa kiangazi, na kuwaaibisha wenye pesa. Lilikuwa limejaa tope kiasi kwamba pampu ilivuta uji badala ya maji. Ikaamuliwa likaushwe na lichimbwe, mvua zije zilijaze upya. Tukawasha pampu, na maji yakaanza kushuka.

Mipira ikaanza kujitokeza. Mamia kwa mamia, imelala kwenye tope kama mayai ya mamba. Makedi, wale wabeba fimbo za wachezaji, wakaacha bao lao kivulini wakaja kusimama ukingoni, maana mpira uliooshwa vizuri ni chakula cha mchana. Nyapara akapiga marufuku mtu yeyote kuingia. Dakika tano baadaye pampu ikakwama, kichujio cha bomba kimezibwa na majani, na marufuku ile ikapata msamaha wa mtu mmoja.

"Wewe ndiye mwepesi," akaniambia.

Hatua ya kwanza tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Ya pili, magotini. Ya tatu sikuipiga, niliipigiwa. Nikajikuta nimezama hadi kifuani, mikono juu, kama mtu anayesalimu amri kwa polisi wasioonekana. Hapo kitu kikaanza kucheza ndani ya gambuti langu la kushoto. Kinene, kinateleza, na kina ndevu.

"Nyoka!" nikapiga yowe.

Ukingo mzima ulihama. Askari wa lango, ambaye hutembea na rungu hata akienda msalani, ndiye aliyetangulia, na rungu akaliacha nyuma limlinde nyapara. Baadaye ilijulikana kwamba nyoka wangu alikuwa kambare. Samaki huyu anaweza kuvuta hewa, kwa hiyo bwawa likikauka yeye hana haraka, anajichimbia topeni na kusubiri. Alikuwa amepata nyumba yenye kisigino.

Katika kutapatapa, mkono wangu ukagusa chuma. Nikakivuta, ikatoka fimbo ya draiva, ile ya kupigia mpira mbali, ndefu, nzima, imepakwa tope tupu. Nikainyoosha mbele yangu nikiomba mtu ashike upande wa pili.

Wakati huo huo kamati ya kiwanja ikawa inafika kukagua kazi. Mbele yao alikuwa mstaafu mmoja mkubwa, tumwite Mheshimiwa kwa kuwa alipenda kuitwa hivyo. Miezi michache nyuma Mheshimiwa alitangaza kwamba draiva yake, zawadi ya kustaafu, imeibwa. Kedi wake alisimamishwa kazi mwezi mzima kwa ajili hiyo.

"Mnatazama nini? Mtoeni kijana!" akanguruma. Hakuna aliyesogea. Basi akakunja mikono ya shati, akainama, akashika kichwa cha fimbo kwa viganja vyote viwili, akavuta. Mungu ambariki, ana nguvu. Nilianza kupanda. Tope likawa linafutika taratibu chini ya dole gumba lake, na kwenye chuma pakasomeka: "Kwa utumishi uliotukuka", na jina lake kamili chini.

Akaacha kuvuta.

Nikaanza kushuka. Nilimtazama machoni, naye akanitazama, na naapa nilimwona akipiga hesabu: akiachia sasa, fimbo inarudi chini na mimi shahidi naenda nayo.

Kumbe kedi wake naye ameshaisoma. Akaruka, akamkumbatia Mheshimiwa kiunoni kwa nyuma, akaanza kumvuta. "Usiiachie, mzee! Ni mali yako!"

Nilitoka kwa kishindo. Gambuti moja lilibaki, ovaroli ilikuja nusu ya juu tu, na kambare akaruka akatua miguuni pa mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mstaarabu ambaye tangu siku ile hunisalimia akitazama juu ya miti.

"Mwizi aliitupa humu," Mheshimiwa akasema, akihema.

"Ndiyo, mzee," kedi akajibu kwa adabu. "Nilimwona. Alikuwa amevaa kofia yako."

Ningedhani kamati ingecheka. Lakini maji yalikuwa bado yanashuka, na vipini vingine vilikuwa vinachomoza: pata mbili, zile fimbo za kusukumia mpira shimoni, fimbo ya chuma namba saba iliyopinda, na karibu na ukingo wa mbali begi zima na magurudumu yake. Sheria ya gofu inamruhusu mchezaji fimbo kumi na nne, na pale ukingoni walisimama waungwana ambao kwa muda mrefu walikuwa wakitembea na kumi na mbili, kumi na tatu. Mmoja mmoja wakaanza kuligeuzia bwawa mgongo na kusifu ua la michongoma.

Kedi alilipwa mwezi wake kabla jua halijatua. Kamati, ambayo huchukua robo mwaka kujadili bei ya mbolea, ikakaa pale pale chini ya mti na kupitisha kwa kauli moja: bwawa lichimbwe usiku, na dereva wa tingatinga atolewe mbali, asiyemjua mtu.