Deraya ya wiki 42

Jumamosi moja, mezani kwetu, dada anayecheza mhunzi aliweka dadu chini akasema, "Haya, tumefika mji wenye kiwanda. Nataka kufua deraya kamili." Alikuwa amesubiri miezi mitano kusema maneno hayo. Mhusika wake ni mhunzi tangu siku ya kwanza. Kwenye karatasi yake ameandika mpaka fuawe ilitoka kwa babu yupi. Lakini hadi siku hiyo, kazi pekee ambayo nyundo yake ilikuwa imefanya ni kuponda mafuvu ya mifupa inayotembea.

Nikafungua kitabu. Sisi tunacheza Dungeons & Dragons ya zamani, mchezo wa mezani ambamo kila mtu anaigiza mhusika na mimi ndiye msimulizi, toleo la 3.5 la mwaka 2003, kwa sababu ndivyo vitabu tulivyorithi. Kanuni yake ya ufundi ni hii: chukua bei ya kitu, igeuze iwe sarafu za fedha, lipa theluthi moja ya bei kwa malighafi. Kila wiki rusha dadu ya pande 20, jumlisha ujuzi wako, na ukifaulu zidisha jumla hiyo kwa ugumu wa kazi. Unachopata ndicho kiasi cha kazi ulichomaliza wiki hiyo, kikihesabiwa kwa sarafu za fedha. Deraya kamili ni dhahabu 1,500, yaani fedha 15,000. Ugumu wake ni 18. Mhunzi wetu akipata 20 kila wiki, na hiyo ni bahati ya kushukuru, anasogea fedha 360. Tukatoa simu tukagawanya. Wiki 42.

Mji ule ulikuwa unangoja kuvamiwa baada ya siku tisa.

Tulicheka sote, naye akacheka, kisha akaenda kununua deraya dukani kama mteja mwingine yeyote. Ila niliona alivyoikunja karatasi yake. Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na kanuni za ufundi, na ugomvi wangu ni huu: zinapima kazi ya mikono kwa bei ya sokoni.

Bei ikiwa ndiyo saa, mambo yanakwenda kombo mara moja. Sonara anayetengeneza mkufu wa dhahabu atatumia muda mrefu kuliko anayetengeneza mkufu uleule, nakshi zilezile, kwa shaba. Kwa nini? Kwa sababu dhahabu ni ghali. Muulize sonara yeyote kama dhahabu ni ngumu kufua kuliko shaba, halafu uangalie atakavyokutazama. Na bei zenyewe hazikupangwa na mtu aliyewahi kuuza kitu. Kitabu kilekile kinauza ngazi ya futi 10 kwa shaba 5, na mti mtupu wa futi 10 kwa fedha 2, ambazo ni shaba 20. Nunua ngazi, ng'oa vipandio, uza ile miti miwili hata kwa nusu bei: umeweka shaba 5, umetoka na 20. Wachezaji wametania jambo hili kwa miaka, lakini wakigeuka wanakubali bei hizohizo ziwaambie mhunzi atakesha kiwandani siku ngapi.

Kinachoniudhi zaidi ni mchawi. Katika toleo hilohilo, kutia uchawi kunachukua siku moja kwa kila dhahabu 1,000 za bei. Deraya ikishafuliwa, mchawi anakuja, anaipa nguvu ya kiwango cha kwanza, na jioni amemaliza. Mhunzi karibu mwaka, mchawi siku moja! Walioandika hawakuwa na ubaya na wahunzi, nadhani. Walijali tu kwamba mchawi asichoshwe, na mhunzi hakuna aliyemfikiria.

Nitawapa haki yao katika jambo moja, hata hivyo. Mchawi yule alilipa pia kwa pointi zake mwenyewe za uzoefu, sehemu moja ya 25 ya bei. Wengi waliichukia kanuni hiyo. Mimi naipenda, kwa sababu ilikuwa inasema kwamba kitu kizuri kinaondoka na kipande chako.

Matoleo yaliyofuata yalijua kuna tatizo, yakalitibu kwa kupunguza hesabu. Lile la 2014 liliondoa dadu kabisa: unamaliza kazi ya dhahabu 5 kwa siku, unalipa nusu ya bei kwa malighafi, basi. Deraya kamili ikawa siku 300. Upanga wa dhahabu 15 ni siku tatu. Darubini ya mkononi, kwa kuwa inauzwa dhahabu 1,000, ni siku 200. Toleo la 2024 likapandisha mwendo hadi dhahabu 10 kwa siku, kwa hiyo deraya ni siku 150 na darubini siku 100. Wamekaza mwendo wa saa, lakini saa ni ileile.

Hata michezo ya kompyuta imeingia shimo hilo. Skyrim ilipotoka mwaka 2011, ujuzi wa uhunzi ulipanda kwa kila kitu ulichofua, kiwe nini. Watu wakakaa mbele ya fuawe wakifua majambia ya chuma, kipande kimoja cha chuma na ukanda mmoja wa ngozi, mia moja, mia mbili, mpaka wakawa mabingwa. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe, tena usiku, nikisikiliza redio. Watengenezaji wakasahihisha: ujuzi upande kulingana na thamani ya kitu. Kumbe bei tena. Watu wakahamia pete za dhahabu.

Sasa, sisi ambao tumekua tukitumwa kwa fundi tunajua kitu ambacho waandishi wa vitabu hivi inaelekea hawakukipitia. Hakuna anayekwenda kwa fundi cherehani akijiuliza, "Je, ataweza kushona suruali?" Ameshona suruali maisha yake yote. Unachojiuliza ni kama Ijumaa aliyosema ni Ijumaa hii. Unajiuliza kama kitambaa ulichompa kitatosha au atakupigia simu kudai nusu mita zaidi. Unajiuliza kama mfuko wa nyuma utakaa sawa. Nilipelekewa suti ya harusi ya kaka yangu asubuhi ya harusi yenyewe, mkono mmoja umeshikizwa kwa pini. Suti ilikuwa nzuri! Fundi yule aliweza. Tatizo halijawahi kuwa kuweza.

Dadu za vitabuni zinauliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Mhunzi wa miaka 20 anarusha dadu kuona kama anajua kufua panga, na akikosa kwa pointi tano au zaidi, nusu ya malighafi inaharibika. Huyo si mhunzi, huyo ni fundi maiko.

Kwa hiyo nimeandika kanuni yangu, na tumeitumia tangu mwaka jana. Mchezaji akitaka kutengeneza kitu anachokijua, namuuliza mambo matatu. Malighafi imetoka wapi? Kiwanda ni cha nani? Na kuna muda wa kutosha? Muda tumeupanga kwa aina ya kazi, bila kutazama bei: kisu siku moja, upanga siku tano, deraya ya minyororo mwezi, deraya kamili msimu mzima wa mvua. Akiwa na majibu mazuri kwa yote matatu, kitu kinapatikana, hakuna dadu. Likipungua moja, anarusha. Akipata 15 na zaidi, amebahatika. Kati ya 8 na 14, anachagua mwenyewe kipi kiharibike: kazi ichelewe, gharama ipande, au kitu kiwe na kasoro. Chini ya hapo nachagua mimi.

Kasoro naiandika kwenye kikaratasi, naikunja, naitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililopo katikati ya meza. Mhunzi anajua ipo. Hajui ni ipi. Kopo hilo limeleta raha kuliko mazimwi yote niliyowahi kuyatoa.

Deraya nayo imegawanywa vipande, kifua kwanza, halafu mabega, mikono, miguu. Kama kanuni hii ingekuwepo siku ile ya siku tisa, yule dada angeingia vitani na bamba la kifua alilolifua mwenyewe, mikono ikiwa haina deraya. Kwangu hiyo ni picha bora mara kumi kuliko deraya nzima ya dukani.

Swali la malighafi ndilo lililozaa mengi kuliko nilivyotegemea. Mwanajiografia Mwarabu Al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha Sicily mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wana machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kinachowapa faida kubwa. Nikawaza: chuma kinachosafiri kwa jahazi kina wenyewe, kina madalali, kina kodi ya bandarini, kina aliyekichanganya na taka. Sasa mchezaji akisema "nanunua chuma", nauliza "cha nani?", na saa nzima inakwisha kwa maneno na muuzaji mmoja wa gatini. Wasiofua nao wanapata kazi. Mwizi wetu anafuatilia mzigo, yule anayecheza kasisi anashikwa awe mdhamini wa deni. Zamani mhunzi akianza kurusha dadu zake wengine walitoa simu.

Kanuni ya uchawi nimeichota Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Wafipa walijenga malungu, matanuru ya udongo yenye kimo kinachompita mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Kazi nzima ilikuwa na dawa na miiko, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Nimeazima muundo tu, sikuazima dini ya mtu. Mezani kwangu kitu cha uchawi hakitiwi nguvu na mchawi anayepita jioni. Mhunzi anatangaza mwiko kabla ya moto kuwashwa, na anaushika mpaka chombo kipoe. Asiseme uongo. Asile chumvi. Asimjibu anayemwita kwa jina. Wenzake, bila shaka, wanamwita kwa jina kutwa nzima.

Kuna rafiki yangu, mchezaji wa siku nyingi, hakubaliani nami. Anasema nimeondoa hatari: fundi asiyeweza kushindwa hana msisimko. Ana hoja kwa wanagenzi, na kwao nimebakiza dadu. Hapo nimeiga mchezo mwingine wa mezani, RuneQuest ya 1978, ambamo ukishautumia ujuzi vizuri unarusha dadu ya mia baadaye, na unapanda tu ukipata namba inayozidi ujuzi ulio nao. Anayejua kidogo anapanda haraka, bingwa anasotea kila hatua. Majambia mia mbili hayamfikishi popote. Lakini kwa fundi aliyekomaa, sikubali. Hatari yake iko kwa anayemdai, kwa mvua iliyolowesha makaa, na kwa mfalme anayetaka panga 40 kesho asubuhi.

Mwezi uliopita tulikuwa na mfalme wa namna hiyo. Mhunzi wetu alikuwa na chuma kizuri na kiwanda kizuri, muda ndio uliopungua, siku tatu kwa upanga mmoja wa jemadari. Akarusha, akapata 11. Angeweza kuchelewa. Angeweza kulipa vibarua wa ziada. Alitazama kopo kwa muda, akasema, "Weka kasoro, kaka. Upanga utoke kwa wakati." Nikaandika, nikakunja.

Vikao vitatu baadaye, jemadari yuko juu ya ukuta, mwizi akarusha dadu kwa niaba yake, ikaja 1. Nikamsogezea dada kopo, akalifungua mwenyewe, akasoma kimoyomoyo. *Mpini umelegea.* Hakusema kitu. Aligeuza karatasi yake ya mhusika, na upande wa nyuma, chini ya jina la babu, akaandika jina la jemadari.