Msitupaushe

Udogoni, siku ya sikukuu, hutoki nyumbani mkavu. Ushaoga, ushavaa nguo mpya, mguu mmoja uko nje kuelekea viwanja vya Mnazimmoja, hapa Zanzibar, mara unaitwa: "Wewe, rudi hapa, umepauka!" Mama anamimina mafuta ya nazi kiganjani, anakupaka uso, shingo, magoti na visigino mpaka unang'aa kama haluwa. Hapo ndipo unaruhusiwa kwenda kuonekana na watu.

Neno hilo, kupauka, sikulifikiria tena mpaka nilipokuwa mpiga picha wa harusi na bibi mmoja akanitupia usoni.

Nilimpiga picha mjukuu wake, bwana harusi, kwenye ukuta wa Ngome Kongwe. Ilikuwa saa 9 alasiri, kwa sababu ratiba ya harusi haimngoji mpiga picha. Kijana ana kanzu, juu yake joho zito, kichwani kilemba, na jua la kaskazi halina huruma. Paji la uso, ncha ya pua na juu ya mashavu pakawa na mabaka meupe. Usiku nikakaa kwenye kompyuta nikayafuta yote, moja moja, hadi uso ukawa laini kama unga uliochekechwa. Nikajiona fundi. Bibi aliposhika ile picha aliisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akasema: "Picha nzuri, baba. Ila mjukuu wangu kapauka."

Niliudhika. Kisha nikaiangalia tena picha nikaona kweli, yule kijana alikuwa kama kapakwa majivu.

Mwanga ukiangukia ngozi hufanya mambo mawili. Sehemu huingia kidogo ndani, huchukua rangi ya ngozi, halafu hutoka. Sehemu nyengine haiingii kabisa: hurushwa na utando wa mafuta na jasho ulio juu, kama inavyorushwa na kioo, nayo huja na rangi ya jua au ya anga, si rangi ya mtu. Ngozi nyeusi humeza zaidi ile sehemu ya kwanza, lakini ile ya pili huirudisha takriban sawa na ngozi nyeupe. Ndiyo maana kwetu mng'ao hutokeza sana. Na ndio huohuo unaotuchorea taya, mfupa wa shavu na mgongo wa pua. Uufute wote, umeufuta na uso.

Kosa langu la pili lilikuwa la hesabu. Kwenye faili la kawaida la JPEG, kila moja ya rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Zote tatu zikigonga 255, pale hapana ngozi tena, pana weupe mtupu. Ukiuteremsha mwanga wake, hupati rangi ya hudhurungi iliyojificha chini yake, kwani haimo. Unapata kijivu. Hicho ndicho alichokiona bibi bila kusoma kitabu chochote cha kamera.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijagusa brashi najiuliza: hapa rangi imekufa, au inawaka tu? Iliyokufa naitibu. Inayowaka naipunguza au naiacha.

Dawa yenyewe si ngumu. Natia leya mpya, yaani tabaka tupu, juu ya picha, nachukua stempu ya kunakili, naiweka kwenye hali ya kutia giza tu, nguvu asilimia 15 au 20, kisha nachota rangi ya shavu palepale jirani. Kwa hali hiyo stempu haigusi isipokuwa penye mwanga uliozidi pale nilipochota. Vinyweleo na vitundu vya ngozi vilivyo vyeusi zaidi vinabaki salama. Napita mara mbili, mara tatu, nanyanyuka nikanywe maji. Hilo la maji si mzaha. Jicho likikaa muda mrefu kwenye uso mmoja huzoea, na kila baka linakuwa adui. Brashi ya kuponya, ile iliyokuja na programu ya kuhariri picha ya Photoshop 7 mwaka 2002, naiwekea chunusi na makovu madogo. Penye baka kubwa jeupe hainisaidii, kwa sababu hulinganisha kiraka na mwanga wa pale unapokibandika, na mwanga wa pale ndio ugomvi wenyewe.

Ila nusu ya kazi ingemalizika nje, bila kompyuta. Sisi tuko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Watalii hulipenda. Ukimsimamisha mtu chini yake, jua, kwa vile ni kitone kidogo tu angani, hukupa vitone vidogo vikali usoni. Mwingize kichochoroni Mji Mkongwe, mkalishe barazani penye kivuli, na sasa kinachommulika ni anga pana na ukuta wa chokaa ng'ambo. Mng'ao unatanda, unakuwa laini kama hariri. Ufukweni Paje ni balaa nyengine: mchanga mweupe unarusha mwanga kutoka chini, mtu anang'aa mpaka kidevuni.

Nabeba leso safi. Jasho linakandamizwa, halisuguliwi. Matone ya jasho sina mapenzi nayo, maana tone si mng'ao. Filta ya polaraiza, kioo cha kuvisha lenzi kinachokata mng'ao, ninayo pia, lakini inakula nusu ya mwanga na wakati mwengine hata robo tatu, na ukiizungusha mpaka inapokata zaidi inaweza kuondoa sehemu kubwa ya mng'ao kabla hujabonyeza kitufe. Hapo umempausha mtu papo hapo, bila hata kuediti.

Najua wateja wengine, hasa vijana, wananiambia: "Kaka, nitoe mafuta usoni." Wameshazoea simu zinazolainisha kila kitu, na uso ni wao, si wangu. Nawatengenezea picha mbili, nawaonesha pamoja bila kusema ipi ni ipi. Wengi huchagua yenye mng'ao. Wachache wanaotaka ule unga nawapa unga wao, bila kinyongo. (Naam, kinyongo kidogo.)

Babu yangu yuko ukutani kwetu kwenye picha nyeusi na nyeupe, kofia ya kiua kichwani, paji la uso linawaka kama karabai. Hakuna aliyewahi kusema picha ile ina kasoro.

Yule bwana harusi nilimrudia. Nilifungua faili ghafi la kamera, ambalo hubeba ngazi nyingi kuliko JPEG, nikakuta paji la uso lilikuwa na rangi yake muda wote. Iliyokufa ilikuwa ncha ya pua peke yake. Nikaitibu pua, mashavu nikayaacha yawake kiasi, nikaisafisha upya na kuipeleka. Bibi aliitazama kimya, ya uso hakuyataja kabisa. Aliuliza tu kwa nini kilemba kimekaa upande na mimi nilikuwepo.