Shikamoo, Petro

Ukiutazama kwa karibu mguu wa kulia wa sanamu ya Mtakatifu Petro kule Roma, huwezi kuhesabu vidole. Pale ambapo fundi aliweka vidole vitano pamebaki kitu kimoja laini kinachong'aa, kama kipande cha sabuni kilichotumika mpaka kona zake zikaisha. Sehemu nyingine zote za sanamu ni nyeusi, shaba iliyokomaa kwa umri. Petro ameketi kwenye kiti cha marumaru, mkono wa kulia ameuinua kubariki, wa kushoto ameshikilia funguo kifuani. Mguu umetokeza mbele kidogo, kana kwamba anataka kuinuka. Mguu huo una rangi yake peke yake kwa sababu karne kwa karne watu hawajaacha kuugusa na kuubusu.

Nimefika Roma mara moja tu, na ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro nilikaa karibu saa nne. Niliona mengi ambayo sitayasimulia hapa. Nataka kuutetea mguu ule, na kuwatetea waliouchakaza.

Wengi wakishavuka milango mikubwa huvutwa kwanza upande wa kulia, kwenye Pietà ya Michelangelo. Nami nilikwenda huko. Maria amempakata Mwanawe aliyeshushwa msalabani, na marumaru ile imechongwa mpaka unahisi uzito wa mwili juu ya magoti ya mama. Michelangelo aliimaliza mwaka 1499, hajafikisha hata miaka 25, na kwenye mkanda unaokatiza kifua cha Maria alichonga jina lake. Iliagizwa na kardinali Mfaransa kwa ajili ya kaburi lake, yaani tangu mwanzo ilikusudiwa kukaa mahali ambapo watu wangemwombea marehemu.

Leo iko nyuma ya kioo. Sababu inajulikana: tarehe 21 Mei 1972, Jumapili ya Pentekoste, mtu mmoja aliruka uzio akaipiga kwa nyundo zaidi ya mara 10, akavunja mkono wa Maria na kuharibu pua na kope la jicho. Mafundi waliirudishia vipande kwa uvumilivu mkubwa, na kioo kikawekwa. Siwezi kulalamikia kioo hicho. Mwenye nyumba aliyewahi kuvunjiwa anajua kwa nini anafunga mlango.

Lakini nieleze nilichokiona. Nilisimama pale kama dakika 10. Mikono ilikuwa juu, simu zimewashwa, na katika kioo tuliziona picha zetu wenyewe zikielea juu ya Maria. Katika dakika zile sikumwona hata mtu mmoja aliyefanya ishara ya msalaba. Nami sikuifanya. Nilipiga picha tatu, nikaondoka, na nilipofika katikati ya kanisa ndipo nilipotambua kwamba nimempita mama aliyefiwa bila hata kumpa pole.

Petro yuko mbele zaidi, upande wa kulia, karibu na nguzo ya Mtakatifu Longino, hatua chache kabla ya altare kuu. Hii si kazi ambayo watalii huijia kwa ajili ya jina la msanii. Wataalamu wengi huihusisha na Arnolfo di Cambio, mwishoni mwa karne ya 13. Zamani walidhani ni ya karne ya 5. Vyovyote vile, ni kongwe kuliko jengo linaloihifadhi, maana basilika ya sasa ilianza kujengwa mwaka 1506 na kutabarukiwa mwaka 1626. Kwa uzuri haifikii Pietà hata kidogo. Uso ni mkavu, ndevu zimepangwa vipindo vipindo, macho hayakutafuti.

Mbele yake palikuwa na foleni, na foleni ile ilikuwa kimya. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja mwenye mkongojo. Zamu yake ilipofika alimpa binti yake mkongojo ule, akaegemea jukwaa kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole gumba cha kulia akaupapasa mguu taratibu, kutoka kifundoni hadi pale vidole vilipokuwa, kama unavyompangusa mtoto vumbi. Kisha akajigusa paji la uso. Alirudia mara ya pili. Midomo yake ilikuwa ikitaja majina. Lugha sikuijua, lakini orodha ya majina husikika kuwa orodha kwa lugha yoyote. Nyuma yake baba mmoja alimwinua mwanawe, na mtoto akaubandika kiganja chote.

Muongozaji wa kundi lililokuwa pembeni aliwaambia wageni wake waguse mguu wapate bahati. Hapo moyo uliniuma. Neno hilo moja linaharibu kila kitu. Bibi yule hakwenda kutafuta bahati. Alikuwa na watu wa kuwataja.

Najua ndugu zangu wengi wanaosoma hapa wana hoja nzito zaidi ya ile ya muongozaji. Rafiki yangu wa miaka mingi, aliyelelewa katika kanisa lisilo na sanamu hata moja, aliniuliza niliporudi: "Sasa ndugu yangu, ulikwenda kuabudu sanamu?" Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anaogopa kwa ajili yangu, na hofu ya namna hiyo ni upendo. Alinitajia Kutoka 20, ile amri ya kutojichongea sanamu, ambayo sote tunaijua. Kisha akataja andiko lililonipata barabara: Matendo 10, pale Kornelio alipoanguka miguuni pa Petro kumsujudia, na Petro akamwinua, akamwambia asimame, maana yeye naye ni mwanadamu tu.

Miguuni pa Petro! Yaani mguu uleule. Andiko hilo halikimbiliki, na sitaki kulikimbia.

Lugha yetu inatuweka pabaya kidogo katika jambo hili. Neno sanamu tunalitumia kwa kinyago, kwa mchongo wa kiongozi uwanjani, kwa picha ya mtakatifu ukutani, na kwa mungu wa uongo anayekemewa na manabii. Kabla mtu hajafafanua anachokifanya, neno lenyewe limeshamhukumu. Ndiyo maana ubishi huu huwaka haraka kwa Kiswahili kuliko unavyostahili.

Kanisa lililipigania suala hili kwa damu karne ya 8, wakati watawala wa Konstantinopoli walipoamuru picha takatifu ziondolewe na kuharibiwa. Mtakatifu Yohane wa Damasko alijibu kwamba haabudu maada, bali anamwabudu Muumba wa maada ambaye kwa ajili yake alikubali kuwa na mwili. Mtaguso wa Pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787, ukatenganisha mambo mawili: ibada ni ya Mungu peke yake, picha hupewa heshima, na heshima hiyo humwendea yule aliyechorwa. Mtaguso wa Trento ulirudia mwaka 1563, ukaonya waziwazi kwamba ndani ya sanamu hamna uungu wala nguvu, na kwamba sanamu yenyewe haiombwi kitu.

Onyo hilo tulisikie sisi Wakatoliki kwanza. Nimesikia watu wakibishana ni sanamu ipi ya Bikira Maria "inayojibu haraka", kana kwamba Mama wa Mungu ana matawi na tawi moja lina huduma bora. Hilo ni kosa, na walimu wetu wa dini wangelisema bila kuona haya. Nyoka wa shaba katika Hesabu 21 aliagizwa na Mungu mwenyewe, na watu wakamtazama wakapona. Lakini katika 2 Wafalme 18 mfalme Hezekia alimvunjavunja, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walikuwa wakiifanyia. Hezekia alifanya vema, nami sina shaka kwamba zipo sanamu zinazohitaji Hezekia wao.

Basi mguu wa Petro uko upande gani?

Jibu langu nimelipata katika salamu. Sisi tunaozungumza Kiswahili, tangu tulipoanza kutamka maneno, tumefundishwa kumwambia mkubwa shikamoo, na wengi wetu tumeambiwa asili yake: nashika miguu yako. Tunaitamka mara nyingi kwa siku. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kudhani kwamba anayemwamkia bibi yake shikamoo amemfanya bibi kuwa mungu. Tunamshika miguu kwa maneno kwa sababu ametutangulia. Amepita njia ambayo sisi bado tunaijaribu.

Tofauti na Kornelio iko hapo. Kornelio hakuwa bado amesikia Habari Njema. Alimwona Petro akadhani amefikiwa na mtu aliye zaidi ya mtu. Petro alipaswa kumwinua. Bibi wa mkongojo alijua kabisa Petro ni nani: mvuvi aliyemkana Bwana wake mara tatu kabla ya jogoo kuwika, akalia kwa uchungu, akasamehewa. Ukitaka mtu wa kumpelekea majina ya wanao walioteleza, utampata wapi anayeelewa zaidi? Na Petro ndiye aliyekataa katakata Yesu asimwoshe miguu, mpaka alipoambiwa kwamba asipooshwa hana sehemu naye. Mguu uliogoma kuoshwa ndio ambao mikono ya watu haijaacha kuupangusa. Niliposimama pale nikalikumbuka hilo, nilishindwa kuyazuia machozi.

Mguso nao una nafasi katika Injili. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 hakuomba maelezo, aligusa vazi. Yesu hakumkemea kwa ushirikina. Alimwita binti, akamwambia imani yake imemponya. Imani ilikuwa ndani, lakini ilitokea kwenye ncha za vidole. Wakati wa korona, kubusu na kugusa vitu vitakatifu kulipozuiwa katika makanisa mengi, wengi tulitii bila kinyongo, tukagundua jinsi mkono unavyokosa pa kwenda.

Sisemi kila kitu kiguswe. Marumaru haistahimili kama shaba, na nyundo zipo. Ila napenda walivyofanya Montserrat, kule Catalonia. Sanamu yao ya Bikira Maria ni ya mbao, ya karne ya 12, nyeusi, na imewekewa kioo kama Pietà. Lakini katika kioo wameacha nafasi, na mkono wa kulia wa Maria, ulioshika tufe, unatokeza nje ili hujaji aweze kuugusa. Aliyelibuni hilo alielewa kwamba sanamu ya ibada inahitaji kulindwa na inahitaji kufikiwa. Kule Santiago de Compostela mahujaji hupanda nyuma ya altare kuu wakamkumbatia Mtakatifu Yakobo mabegani. Baada ya kutembea siku nyingi, ungemwambia mtu asimame mbali atazame tu?

Kwa anayepanga kwenda Roma nina ombi moja. Tafadhali usimpige picha anayesali mbele ya Petro. Piga sanamu, piga dari, lakini uso wa mtu anayetaja majina si wa albamu yako. Na ukifika tarehe 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo, utamkuta mzee amevikwa joho jekundu na taji. Ubutu wa mguu wake unaonekana zaidi siku hiyo, ukiwa chini ya pindo la fahari zote zile.

Zamu yangu ilipofika nilitegemea ubaridi wa chuma. Haukuwepo. Shaba ilikuwa na uvuguvugu wa kiganja cha yule mtoto, na kabla yake kidole gumba cha bibi, na kabla yake wengine wote. Nilikuwa nimetayarisha sala ndefu, ikapotea. Nikataja majina manne. Nikasema shikamoo kwa sauti, kama mtu anayebisha hodi, kisha nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.