Panya mzee mwenye uvimbe: kutompasua si kumtelekeza

Mpwa wangu anafuga panya weupe wawili nyumbani kwao Kiamunyi, hapa Nakuru. Mkubwa wao, jike aitwaye Pendo, ana miezi 26, na chini ya kwapa lake la kushoto kuna uvimbe wa ukubwa wa limau. Kila mgeni anayeuona hutoa hukumu kabla hajaketi. Wengine husema apasuliwe, wengine adungwe sindano alale moja kwa moja, na kwa kuwa binti huyu hajafanya hili wala lile, pande zote mbili zinamwona kama mtu aliyemtelekeza mnyama wake. Wapo pia wanaosema panya ni panya tu, atiliwe sumu. Hao nawakumbusha Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania, akanusa mabomu ya kutegwa ardhini kule Kambodia hadi akatunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka wa 2020. Ni spishi nyingine, ndiyo, lakini hakuna aliyemwona akifanya kazi akasema ni panya tu.

Wanaotaka apasuliwe wana hoja nzito. Uvimbe mwingi wa matiti kwa panya jike si saratani. Ni nyama inayokua pale pale ilipoanzia, na ikitolewa mapema, ikiwa bado kama punje ya maharagwe, mara nyingi hutoka yote. Ukichelewa inazidi kukua, ngozi inavutika mpaka inapasuka, na upasuaji uliokuwa mwepesi unageuka kuwa wa kupoteza damu nyingi kwa mnyama mwenye damu kidogo. Panya wa mwaka mmoja, nikipata daktari wa mifugo mwenye mashine ya gesi ya usingizi na aliyezoea wanyama wadogo, ningempeleka wiki hiyo hiyo. (Akikuambia umlaze njaa usiku kucha kwanza, uliza tena: panya hatapiki, kwa hiyo hana haja ya kufungishwa.)

Lakini Pendo si wa mwaka mmoja. Panya wa kufugwa huishi miaka 2 hadi 3. Chukua ile 2. Wiki mbili za kuuguza kidonda ni sehemu moja ya 52 ya maisha yake. Kwa binadamu wa kuishi miaka 70, hiyo ni kama mwaka mmoja na miezi minne. Mpe nyanya aliyekwisha kuona vitukuu mwaka mmoja na miezi minne ya kuuguza mshono, kisha umwambie ni kwa faida yake. Hesabu hiyo nimeigeuza pia upande wa pili, na huko ndiko ilikonishika: mwezi mmoja wa kula vizuri na kulala pasipo maumivu ni karibu miaka mitatu ya mtu. Tunaposema "amebakisha mwezi tu", tunasoma kalenda yetu.

Isitoshe, tezi za maziwa za panya zimetandaa kuanzia shingoni hadi kinenani, ndiyo maana uvimbe wa titi umeota kwapani. Utautoa huu, na mwingine waweza kuchomoza ubavuni kabla manyoya hayajaota juu ya kovu.

Wanaotaka sindano nawaelewa pia, kwa sababu uvimbe ule unatisha kuutazama. Ila uvimbe wa aina hii mara nyingi hauumi mpaka ngozi ifunguke au mguu ushindwe kupita. Maumivu ya panya yako usoni. Mwaka wa 2011 watafiti walichapisha kipimo cha kuyasoma: macho yanafumba nusu, pua na mashavu yanakuwa bapa, masikio yanajikunja. Ute mwekundu machoni na puani, ambao wageni huudhania damu, unatoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, na ukizidi ni ishara ya msongo au ugonjwa.

Mpwa wangu anayatazama hayo kila asubuhi. Maranda ameyaondoa kwenye kizimba, kwa vile vumbi lake huingia mapafuni na ncha zake hukwaruza ngozi iliyovutika, akatandika vipande vya blanketi la mtumba anavyofua kila siku ya pili. Ghorofa za juu amezitoa. Maji yapo kwenye kifuniko kifupi, uji wa wimbi unakuja vuguvugu pamoja na parachichi, na dawa ya maumivu iliyoandikwa na daktari anaitia kwenye tone la uji. Yule panya wa pili hajatengwa naye. Ndiye anayemsafisha mgongo ambako Pendo hafiki tena.

Kosa moja tulilifanya wote. Tulimpima kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi tukafurahi gramu zinapanda, kumbe uliokuwa unanenepa ni uvimbe. Daktari alichukua kidole cha mpwa wangu akakipitisha juu ya uti wa mgongo wa Pendo, akahisi pingili moja moja kama shanga. Tangu siku hiyo mizani imerudi kwenye unga, na kidole ndicho kinachopima.

Sindano haijakataliwa. Wamekubaliana na daktari: siku Pendo atakapoacha kuufuata uji, au kuacha kunawa uso kwa mikono yake miwili, simu itapigwa siku hiyo hiyo, bila kungoja kuamkie vipi. Jumapili nilipokuwa kule aliusikia mlio wa kijiko, akatoka kwenye blanketi akiuburuta uvimbe wake, akanywa, kisha akakaa kitako na kunawa uso, mkono wa kushoto ukifika shavuni kwa shida.