Ujuzi wa kuokoa watu hauhifadhiwi kwenye kompyuta peke yake
Makala niliyosoma inasema taratibu za dharura za mgodi wa makaa ya mawe zikishaingizwa kwenye kompyuta, ujuzi wa wazee wanaostaafu utakuwa umehifadhiwa. Sikubaliani kabisa. Nimefanya kazi chini ya ardhi miaka 9, na mzee aliyenipokea alinifunga kitambaa machoni akaniambia nitoke kwa kupapasa kamba ya njia, yaani kamba iliyofungwa kufuata njia ya kutokea. Kamba ile ina vikoni: mkono ukiteleza juu ya koni, unaelekea nje, ukigonga kitako cha koni, geuka. Hilo limo mkononi mwangu hadi leo. Halafu kuna kifaa cha oksijeni, cha kupumulia hewa ya mgodi ikiwa na sumu. Kikianza kazi kinapata joto na pumzi inakuwa nzito. Asiyejua anadhani kimeharibika, anakitoa mdomoni, na gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu ya kumwonya. Baada ya wachimbaji wenzetu 12 kufa mgodi wa Sago, Marekani, Januari 2006, kule ikawa lazima kufanya zoezi la kutoka kila robo mwaka, na kila mwaka mchimbaji aonje lile joto na ule uzito wa pumzi. Mlioko machimboni, mara ya mwisho mmefanya zoezi gizani lini, na nani aliwaongoza?